Bahari ya Chungu

Niliitwa Masizi kabla sijaota ndevu.
Mwera nzima wananijua kwa viganja:
nikikupa mkono, unaondoka na muhuri wangu.
Nimekata mikambala, nimekata mipingo michanga,
nimefukia matanuri mpaka moshi ukanizoea,
na kijito cha nyuma ya shamba la katani
kilipoacha kusema, sikuuliza kwa nini.
Watu waliuliza. Waliniuliza mimi.

Likabaki lambo.
Maji yake rangi ya chai iliyolala,
yananuka kwato na majani yaliyooza.
Tukayachota. Ungefanyaje? Kiu haina adabu.

Nilikuwa nadaiwa na Bi Kidawa, mkamua mafuta ya nazi,
elfu kumi na nane, tangu mfungo uliopita.
"Pesa huna," akasema, "lakini moto unaujua."
Akanipeleka nyuma ya banda, kwenye vifuu
vilivyolundikana kama mafuvu ya kima.
"Nichomee hivi. Ole wako vikiwa majivu."

Nikavichoma ndani ya debe,
kifuniko nikakikandika udongo,
tundu moja tu, la kupumulia.
Kazi ya mkaa ndiyo hiyo: kuunyima moto pumzi
bila kuuzima.
Moshi ulipoacha weupe ukaingia buluu
nikaziba, nikalala kando yake
kama mtu anayeuguza.

Asubuhi Bi Kidawa akavitia kinuni.
Punje za ukubwa wa mtama akazibakiza, vumbi akalimwaga.
Ndoo akaitoboa kitako.
Chini akatandika nyuzi za katani,
kokoto, mchanga uliooshwa mara saba,
halafu mkaa, shubiri mbili,
mchanga tena,
na juu kabisa kipande cha kanga
kilichobakiwa na neno moja la msemo wake:
SUBIRI.

Ya kwanza yakatoka meusi.
Wee! Kicheko kilifika mpaka kwa Sempombe fundi baiskeli.
"Masizi kayavika maji kaniki!"
Bi Kidawa hakujibu. Akamwaga. Akatia tena.
Ya pili, kijivu. Ya tatu, kama yaliyooshewa mchele.
Ya nne sikuyaona.
Niliona ua lililochorwa kitakoni mwa bilauri
nikadhani bilauri ni tupu.

Nikanusa: kwato hazimo.
Nikainua ninywe, akanipiga kofi la mkono.
"Rangi imekwenda, harufu imekwenda.
Na visivyoonekana je? Chemsha kwanza.
Chujio si dawa, Masizi, wala wewe si nabii."

Nikachemsha, kwa vifuu vilivyobaki.

Mti niliukata, kijito kikafa;
kifuu nimekichoma, maji yamepata uso.
Sisemi deni limelipwa.
Bi Kidawa kafuta elfu kumi na nane,
kijito hakijafuta kitu.
Nikipita kule naona mawe yamekauka
kama ulimi wa mwenye homa.

Maji ya kifuu, walituambia, ni bahari ya chungu.
Utotoni nilidhani ni chungu cha kupikia
nikashangaa chombo cha jikoni kina bahari ya nini.
Mdudu, mama akacheka, yule mdogo, mweusi, mbebaji.
Leo nakaa mbele ya ndoo, nahesabu.
Tone.
Tone.
Saa nzima, jagi moja.
Watoto sita wa nyumba ile, mja mzito mmoja, na mimi,
foleni nyembamba ukutani,
kila mmoja na kikombe chake.

Mkaa nao hushiba.
Baada ya majuma kadhaa harufu hurudi,
kwanza kwa mbali, kama mgeni anayebisha hodi kwa kukohoa.
Jana ilikohoa.
Nikabeba debe, nikaenda bandani.
"Bi Kidawa, vifuu vipo?"
Hakugeuka, mikono imo ndani ya tui.
"Chungu nzima," akasema.