Miwani ya Yuro Tisa

Nimetimiza hamsini na tatu mwezi wa Januari,
mwezi ambao hapa Covilhã kuta hutoka jasho
na binadamu hatoki hata kitandani.
Adérito, mume wangu, alinipa zawadi:
soksi za sufu, jozi mbili kwa bei ya moja,
na risiti ndani yake, endapo hazitanienea.

Simlaumu. Miaka ishirini na saba tumekula chumvi pamoja,
na chumvi yenyewe si haba, maana samaki wetu wa Krismasi
huja mkavu kama ubao, humlowesha siku mbili.
Safari hii bei ilipaa. Tukanunua mkia tu,
tukausindikiza kwa viazi vingi.

Ana daftari la miraba, penseli imefungwa uzi.
Humo kahawa yangu ya senti themanini
imeandikwa: "Graciete, starehe."
Starehe! Kahawa ya kunywa wima, mlangoni,
huku dereva wa gari la taka akinisimulia
mawe ya figo zake, moja baada ya jingine.
Na ule ufito wake wa kuvulia, yuro mia na kumi na mbili,
umeandikwa: "Chakula."
Tangu aununue ameleta samaki wawili.
Mmoja tulimwonea huruma.

Haba na haba, husema, akilamba ncha ya penseli.
Kibaba chenyewe sijakiona bado.

Mashine ya kufua haiguswi kabla ya saa nne usiku,
umeme unaposhuka bei.
Saa nne kasorobo tunakaa jikoni, kimya,
macho saani, mguu mmoja mmoja kwenye hita.
Zamani pia tuliingoja saa nne,
watoto walale,
lakini si kwa sababu ya foronya.

Watoto sasa wako Luxemburg. Hupiga simu ya video
wakiwa na fulana tu, ndani ya nyumba, Januari!
Mimi huuliza kama wanakula.
Baba yao huuliza wanalipia joto kiasi gani,
kisha hukaa chini.

Macho yetu yalikufa wiki moja, kama yaliyoagana.
Tukaenda duka la dawa: miwani ya kusomea, yuro tisa.
"Moja yatosha," alisema. "Kwani tutasoma nini kwa pamoja?"

Basi juzi nikarudi na kikaango cha hewa.
Sikupanga. Kilikuwa rafuni, kimekaa kama mtu anayenijua.
Adérito akakizunguka mara mbili.
"Risiti."
Nikampa. Akainyoosha mkono, akaisogeza,
akairudisha puani. Akapapasa mifuko.
"Miwani iko wapi?"
Miwani ilikuwa usoni pangu.
"Lete nikusomee," nikasema, na Mungu anisamehe,
nikasoma: "Arobaini na tisa."
Sabini na tisa ilinitazama, nyeusi tii.
Akaandika bila kuona, mstari ukapanda juu ya kabichi.

Usiku nilipotoka kuoga nilimkuta mezani, miwani puani,
anasoma karatasi ya dawa ya goti, ndefu kama hukumu.
Risiti ilikuwa chini ya kiwiko chake.
Hakusema kitu. Nami sikuuliza.

Asubuhi nikalifungua daftari.
Chini ya arobaini na tisa, kwa mwandiko ulionyooka:
"Thelathini. Graciete, macho."
Nilisoma mara tatu. Bado sijui kama ni utani
au ni hesabu.

Jioni nikakaanga viazi kwa hewa yangu ya bei mbili.
Alisema vimekaukia.
Alisema hivyo akikomba bakuli.

"Tununue miwani ya pili," nikamwambia, "yuro tisa tu."
Akageuka kunitazama, au kuutazama upande niliokuwapo,
makombo kwenye masharubu.
"Ya nini?" akasema. "Tutaonana mno."

Kisha akaitazama saa, akajikongoja kwa goti lake,
akaenda kuiwasha mashine.
Soksi zangu zilikuwamo. Zimetoka ndogo.
Na risiti, bila shaka, ninayo.