Upana wa Kiganja
(Oulu, Ufini)

Miduara ya njano bado imebaki sakafuni mwa duka la dawa,
nusu imebanduka, nusu imegeuka rangi ya matope.
Watu huikanyaga bila kutazama chini.
Mimi husimama juu ya wangu, wa pili kutoka mlangoni,
kama mtoto aliyejificha vizuri mno
asijue wenzake wameshaitwa kula.

Figo niliyo nayo ni ya kaka yangu Veikko.
Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
nameza vidonge vya kuiambia damu:
mgeni huyu usimfukuze.
Damu imetii. Imetii kupita kiasi,
sasa haimfukuzi yeyote.
Mafua ya mjukuu wa jirani
kwangu hayapigi hodi. Yanapiga kambi.

Kulikuwa na majira mawili ya baridi
mji mzima uliishi maisha yangu.
Nisiseme uongo: upweke wangu haukuwahi kuwa mdogo kiasi kile.
Raili aliniwekea supu ya samoni kizingitini,
akashuka ngazi tatu, tukasalimiana kwa nyusi.
Kwaya tuliimba kila mtu jikoni kwake,
sauti zikichelewa ndani ya simu,
besi wakifika wakati sisi tumeshamaliza.
Vibaya mno. Tulicheka hadi machozi.

Kisha, Jumatatu moja, ikatangazwa kwamba yamekwisha.
Haikusemwa yamekwisha kwa nani.

Niliporudi kwenye mazoezi niliomba dirisha moja,
moja tu, lifunguliwe upana wa kiganja.
Tuomo, kiongozi wetu, alinijibu kwa upole:
baridi huharibu piano.
Basi piano ikalindwa.
Nikachukua koti langu.

"Mbona unaonekana mzima," ananiambia Raili kwenye ngazi,
"hiyo barakoa ya nini tena?
Ukipita nayo unanikumbusha."
Chini ya sweta kovu langu limepinda kama mpini wa ndoo.
Mwenye kovu usidhani kapoa, 
lakini nani atamfunulia jirani tumbo, ngazini, mwezi wa Januari?
Sauna ya jengo naingia saa kumi na moja alfajiri,
peke yangu, na mawe yaliyolala baridi.

Veikko alikuja Jumapili kabla ya Krismasi.
Nilimsikia kabla sijamwona:
kikohozi, kisha kengele, kisha kikohozi.
Sikufungua.
Akazunguka nyumba, akasimama kwenye theluji
chini ya dirisha la jikoni.
"Ni mafua tu!
Nimekupa figo, nawe unanifungia mlango?"

Veikko, nikamwambia kupitia kioo,
hii ninayoilinda ni yako.

Akanyamaza. Akapiga theluji teke.
Nilidhani ataondoka; kwa baba yetu
watu huondoka.
Nikavaa barakoa, nikafungua dirisha
upana wa kiganja,
nikamshushia kikombe cha kahawa ndani ya kikapu
kwa kamba ya kuanikia nguo.

Akainywa pale pale, nyuzijoto kumi na nne chini ya sifuri,
akiilaani serikali, akinilaani mimi,
akiyalaani mapafu yake,
akaomba ya pili.

Kikombe nilikiosha mara mbili.
Kamba sijaifungua bado.