Kopo la Biti, Gikomba

Ndirangu huuza kwa kilo.
Kwake chuma ni chuma: bawaba, kufuli zisizo na funguo,
mguu wa cherehani, na hili kopo la maziwa ya unga
lenye biti za rauta, zimelala kwenye mafuta meusi
kama dagaa walioungua.
"Chagua, mama fundi. Hizo ni za zamani."
Za zamani. Neno hilo hupandisha bei
kabla macho hayajafika.

Mimi huanza na shina, si makali.
Makali hung'aa kwa tupa ya jana.
Shina naliviringisha juu ya kioo cha simu:
likiyumba, limepinda,
na likipinda sitaki hata bure,
mashine huzunguka mara elfu ishirini kwa dakika
na mimi nina macho mawili tu.
Michirizi shingoni: iliteleza ndani ya koleti,
mtu hakukaza.
Usamawati karibu na ncha: iliungua,
mtu alikuwa na haraka. Labda mvua. Labda kodi ya nyumba.

Kisha ukucha wa gumba.
Makali yakiuparua, yakaacha unga mweupe, bado yako hai.
Utomvu si kutu; wengi hutupa biti nzima
kwa sababu ya utomvu wa saipresi
ambao magadi na maji moto huubandua usiku mmoja.
Natazama mshono wa shaba, pale kabaidi ilipolehemiwa:
uwe mwembamba kama uzi, bila tundu.
Tundu moja tu, na siku moja jino litaruka.
Jina la kiwanda limefutika? Sijali.
Nimeona jina kubwa juu ya chuma laini kama sabuni,
na nimeona biti isiyo na jina
ikila mvule miaka kumi.

Ya saba niliijua kabla sijaifuta.

Mikato mitatu ya tupa kwenye shina.
Niliikata mimi, kwa amri ya Kiilu,
alama ya karakana yake pale Kariobangi,
mwaka ule nilipokuwa bado nafagia vumbi la randa.
Ilipopotea alinikata mshahara, miezi miwili.
"Biti haina miguu, Syombua," alisema
mbele ya wote, na wote wakatazama mbao zao.

Ina pengo dogo kwenye jino, upana wa unywele.
Milango ya Buruburu tuliyoitengeneza wakati ule
inalo pengo hilo likiwa limegeuka tuta:
papasa ukingo gizani, utalisikia,
kama kovu chini ya nguo.

Haya, nikadirie kama fundi.
Imenolewa mno. Kabaidi imebaki unene wa kadi ya laini.
Duara si duara tena.
Beringi ina mchanga.
Kwa kazi, shilingi thelathini, na hizo ni za huruma.

"Hiyo ni hamsini," Ndirangu akasema.
Akanitazama mikono.
"Hapana. Umeishika sana. Mia."

Miaka yote hii nawafundisha vijana:
usimwonyeshe muuzaji unachokipenda.
Na wala siipendi.

Sikuuliza kopo lilikotoka. Alisema mwenyewe,
akitafuta chenji ambayo sikuwa nimemwomba:
karakana imefungwa, mwenyewe amefariki,
wanawe wamesomba hadi meza.
Hizi zilikuwa nyuma ya droo ya chini kabisa,
ile iliyokwama, ikabidi wavunje.

Droo ya Kiilu. Imekwama.
Aliyetukaripia kwa droo zetu, kwa milimita.

Nilicheka, Ndirangu naye akacheka,
bila kujua, ili biashara ipendeze.
Nikalipa mia.

Jioni niliichemsha na magadi kwenye sufuria mbovu.
Maji yakawa rangi ya chai.
Nikaipangusa, nikapuliza beringi, nikaizungusha kwa kidole
na kuhesabu hadi iliposimama: sekunde nane.
Kwa beringi kuukuu, si haba.