Hesabu Hadi Tatu

Mnaniuliza siri ya Bwana Sakuma.
Mmoja ametoka Warsawa, mwingine Sao Paulo,
mna vinasa sauti vidogo kama kipande cha sabuni,
na mimi nina figili nne za kumenya kabla ya saa sita.
Ulizeni tu. Mikono itaendelea.

Nilikuwa na miaka tisa. Hapa hapa Otaru, mwezi wa pili,
theluji imefika kwenye vidirisha vya ghala.
Akaja na malori mawili na watu wenye njaa,
akaikodi nyumba ya mjomba wangu siku kumi na moja,
akaing'oa dari ili taa zipate pa kukaa.
Dari ile hakuirudisha. Andikeni na hilo.

Alikuwa mfupi. Alinuka kafuri na tumbaku.
Hakuwa mpole, mtu asiwadanganye.
Alimliza mwigizaji wake mkuu kwa sababu ya kikombe:
"Umekishika kama kikombe. Mimi nataka ukishike
kama kitu cha mwisho kilichobaki na joto."

Kazi yangu mimi ilikuwa mlango.
Mtu anabisha, mtoto anafungua. Basi.
Nikafungua. Rudia. Nikafungua. Rudia.
Mara ya kumi na nne akapiga magoti,
suruali ikilowa, uso wake sawa na wangu:
"Chizuru, unafungua kana kwamba unamjua.
Aliyeko nje amekuja na kitu kifuani.
Mwache akibebe peke yake kidogo tena.
Hesabu hadi tatu."

Moja. Mbili. Tatu.
Upepo ukaingia na theluji yake
na hakuna aliyesema rudia.

Kipande kile alikikata.
Ndiyo. Nendeni mkatazame, hamtaniona,
ila mgongo, na fundo la mkanda, sekunde mbili,
nikipita nyuma ya mtu anayekula.
Mama alikuwa amenunua tikiti sita, kawaalika majirani.
Tulirudi nyumbani kimya kama waliofumaniwa.

Lakini mwili haukupata habari za mkasi.
Tarishi, mdai, mtoto aliyepoteza ufunguo,
wote wamesimama kwenye baridi yangu hadi tatu.
Yasuhiko, mume wangu, alikuwa akicheka huko nje:
"Mke wangu yuko kwenye sinema, mwacheni amalize."

Halafu usiku ule, mtu wa kampuni ya reli.
Alibisha kwa upole,
na watu wa reli hawabishi kwa upole.

Moja: birika lilikuwa linaanza kuimba.
Mbili: shati lake juu ya jiko, mikono ikining'inia, bado bichi.
Tatu.

Hadi ile tatu nilikuwa na mume.
Sijapewa zawadi kubwa kuliko hiyo,
na aliyenipa alikuwa kaburini mwaka wa sita,
mtu yule yule wa dari.

Mnasema huko kwenu milango ya filamu inachelewa pia;
kwamba ukumbi mzima, gizani, unazuia pumzi
kabla kitasa hakijazunguka,
na kwamba hilo limetoka kwake.
Huenda. Wao wamejifunza kwa macho,
mimi nilijifunza kwa vidole vya miguu vilivyokufa ganzi.
Sijui kama ni elimu moja.
Onjeni supu hii. Mnaweza kuniambia
figili imeishia wapi, maji yameanzia wapi?

Haya, treni haisubiri wasomi.

Wamekwenda. Vikombe vyao bado vina joto.
Sasa nani tena anabisha?
Glavu, bila shaka. Ile pale, ya kijani, chini ya meza.
Naiona. Najua ni nani, najua anataka nini.

Hata hivyo:
moja.