Upande wa Pili, Sudbury

Senti tano, urefu wake mita tisa,
imesimama kilimani kama sinia la harusi ya majitu.
Watalii hupigia picha upande wa mfalme.
Rolande, mkata tiketi, huwaambia: zungukeni.
Huko nyuma kuna kiwanda na bomba lake la moshi.

Moshi wenyewe haukuwa wa kuchorwa.
Ulishuka mitaani, ukaonja mboga kabla ya wenye bustani,
ukayapaka majabali masizi;
miti ikaondoka bila kuaga.
Babake, Aurèle, alitoka shimoni
akisema kohozi lake lina ladha ya kiberiti,
kisha: lakini ndicho kinachotulisha.
Mjadala ukaishia hapo, mkate ukakatwa.

Kiangazi cha sabini na tisa, yeye na wanafunzi wenzake
walilipwa kubeba chokaa mgongoni,
mfuko kwa mfuko, wakiyamwagia mawe
kama wanaolisha kuku wasioonekana.
Wapita njia walicheka ndani ya magari yao.
Hata yeye alicheka. Mikono ikababuka.
Mshahara akanunulia baiskeli.

Leo mgeni anauliza, huu msitu ni wa asili?
Rolande anachana tiketi.
Msonobari ule, anasema, umri wake naujua
kuliko wa mume wangu.

Mwingine anataka kujua sarafu hii ingenunua nini.
Kijitabu cha wageni hakisemi.
Anakohoa kidogo, kikohozi cha ukoo,
anarudisha chenji:
senti tano, ile ndogo,
ingali na joto la kiganja.