Akiba Huoza

Akiba haiozi, tuliambiwa tangu chuoni.
Basi njoo uitazame hii:
chupa ya gundi ya tairi, ilikuja na gari kutoka Japani,
maandishi yake kama nyayo za kuku mchangani,
na katikati tarakimu ninazozisoma bila mkalimani:
mwezi wa tatu, miaka minne iliyopita.
Naitikisa. Kimya.
Ingekuwa hai ingecheza ndani, kama tui.

Gari hili halina spea.
Waliolitengeneza waliona gundi na pampu vyatosha,
na huko kwao labda vyatosha.
Hapa Tudor joto hupika vilivyomo kwenye buti
mwenyewe akiwa kalala,
na chumvi haibishi hodi,
huingia tu, ikakalia plagi ya pampu
na kuitafuna taratibu.

Niliyajua haya Kibarani, usiku,
sufuria ya pilau ya hitima kwenye kiti cha nyuma,
Shangazi Mwanakombo ameikumbatia isimwagike.
Msumari. Gari likainama upande kama mtu aliyeitwa.
Nikafungua chupa: likatoka donge moja,
mfano wa halua iliyosahauliwa kabatini.
Malori yakipita yanatutikisa.
Shangazi akashusha kioo, akanimulika kwa simu:
"Kumbe hiyo dawa umeiweka ukumbusho?"

Utingo mmoja wa lori la saruji ndiye aliyetuokoa,
kwa ukanda wa mpira, koleo, na matusi machache ya upole.
Miritini tulikuta dua imeshasomwa.
Pilau ililiwa baridi, na hakuna aliyeisifu.

Sasa kila mwezi ukiandama nafungua buti.
Plagi naisugua kwa kitambaa kikavu.
Pampu naiwasha dakika moja, inanguruma,
paka wa jirani anahama ukuta.
Upepo hauna rangi; shahidi ni sindano ya kipimo,
nayo pia huongopa, kwa hiyo naipeleka
kwa Nasoro wa pancha, tulinganishe na yake.
Kofia ya valvu. Glavu. Tochi, betri nje yake.

Chupa mpya niliitafuta Mwembe Tayari.
Muuzaji akapangusa vumbi: "Hii haina tarehe, ni nzima."
Nikamrudishia.
Niliyoipata kwingine nimeiandikia mwaka kwa kalamu nene,
na haikai tena kwenye buti, inalala ndani, kivulini.

Shangazi hupiga simu. Haulizi hali yangu wala ya watoto.
"Dawa i hai?"
Simjibu.
Naisogeza chupa karibu na simu,
naitikisa, asikie mwenyewe.