Mizani ya Mlolongo

Miaka ishirini na minane nilihesabu mizani kwa kidole,
nane kwa nane, mbele ya darasa kule Buruburu,
nikiuzungushia wino mwekundu
kila mshororo uliozidi silabi moja.

Leo niko Mlolongo, kwenye mizani isiyojua vina.
Karani anachomeka kalamu nyuma ya sikio, ananipa karatasi:
kilo elfu mbili mia sita na arubaini.
Hiyo ndiyo nyumba ya Kiilu juu ya magurudumu manne,
bila tone la maji tangini, bila hata sufuria.

"Nilidhani tani moja na nusu," asema.
Alidhani!
Kila Jumamosi kwa miaka tisa, uani kwetu Donholm,
cheche zikiruka hadi kwenye kamba ya nguo za jirani,
aliongeza kitu: sinki, kabati la mvule,
kitanda cha chuma, maana mgongo wangu haupatani na sakafu,
kisha rafu ya vitabu vyangu,
ambayo sikuiomba,
ambayo niliipapasa usiku alipolala.

Tukaenda Barabara ya Ngong,
magari yameoshwa, yamepangwa kama maharusi wa pamoja.
Lumbasi, kijana wa viatu vya ncha,
akatuonyesha jeupe moja, la chini, lenye macho ya paka.
"Hili, Mama, linavuta chochote. Trela yenu kwake ni pamba."
Mzigo wa mwenzio, nikawaza, ni kanda la usufi.
"Uwezo wa kuvuta umeandikwa wapi?"
Akafungua mlango,
akawasha redio.

Pikapu ya bluu, milango minne. Kiilu akaipenda
kama alivyonipenda mimi, kabla ya kuuliza chochote.
Kitabu chake kilisema: elfu mbili mia tano, mwisho.
"Kilo mia moja na arubaini tu," akaninong'oneza. "Nani atajua?"
"Mteremko wa Mai Mahiu."
Akanyamaza hadi Adams Arcade.

Fundi Odipo wa Kirinyaga Road hakutazama gari lolote.
Alichora kwa chaki juu ya saruji yenye oili:
gari, trela, na katikati yake nukta ya kiungo.
"Pakia vizito mbele kidogo. Mkia ukizidi, unakuyumbisha
kama mbwa anayetikiswa na mkia wake.
Na wewe, Mwalimu, acha kuuliza litavutaje.
Kuvuta, hata punda anavuta.
Uliza litasimamaje."
Akaandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyependa kuandika:
BREKI ZA TRELA YENYEWE.
Sikumsahihisha chochote.

Tulichonunua hakina macho ya paka.
Ni Landkruza kuukuu, rangi ya uji wa wimbi,
iliyobebea mabomba kampuni ya wachimba visima,
bado ina tope jekundu ndani ya mikunjo ya viti.
Inakunywa dizeli kama wajomba kwenye posa.
Tani tatu na nusu, kitabu kinasema,
na chama changu cha akiba kinasema miezi thelathini na sita.

Jumapili, kiwanja kitupu kule Embakasi,
Odipo amekwisha kufunga waya za breki,
nikashika usukani mimi, kwa kuwa mkopo una jina langu.
Vioo vya pembeni vilijaa nyumba.
Nikaenda taratibu, gia ya pili,
nikakata kona pana kama mtu anayeendesha mtaa mzima,
kisha nikakanyaga breki.

Nyuma yangu, uzito wote ule ulinisukuma kidogo tu,
kama mtu anayekugusa bega kanisani
umpishe akae,
ukatulia.

Moyo wangu ulichelewa kidogo kusimama.
Kiilu alikuwa ameshika karatasi ya Mlolongo,
anatoa, anajumlisha kwa midomo.
"Zimebaki kilo mia nane na sitini," akasema.
"Nilikuwa nafikiria
jiko la kuokea mikate."